Mtoto yuko Ohio, mama yuko Wete: nani ajaze fomu ya msaada wa masomo?

MASWALI YA WASOMAJI: ELIMU NA ADA

Anajibu Maalim, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la misaada ya wanafunzi katika chuo kimoja cha Maryland, Marekani. Sasa amerudi nyumbani, Mkunazini, Unguja.

SWALI

Assalamu alaykum Maalim,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Wete. Mwanangu wa kwanza nilimzaa Marekani mwaka 2007, wakati baba yake akisoma huko. Tuliporudi alikuwa bado mdogo. Baadaye mimi na baba yake tuliachana. Yeye akahamia Muscat, ana kazi na mke mwengine huko, na pesa za mtoto hutuma Sikukuu kwa Sikukuu. Mtoto alipofika miaka kumi na nne, kaka yangu anayeishi Columbus, Ohio, akamchukua akasome skuli kule, kwa vile ana pasi ya Marekani. Alhamdulillahi amemaliza vizuri na amepata chuo kikuu cha jimbo. Anatakiwa aanze Agosti hii, 2026.

Sasa kuna fomu inaitwa FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani. Kaka anasema mtoto aandike kuwa anajitegemea, kwa sababu wazazi hatuko Marekani na hatuna hata senti tunayomlipia. Rafiki yake kaka anasema hapana, kaka ajaze yeye kama mzazi, maana ndiye anayemlisha na anamuandika kwenye fomu yake ya kodi ya mapato kuwa anamtegemea. Mwanangu alinipigia simu usiku analia, fomu haiendi mbele, inataka mzazi. Mimi sina namba yoyote ya Marekani, ile wanayoiita Social Security. Nauza vitambaa hapa mjini, na nina mikarafuu niliyorithi kwa marehemu baba yangu, Mzambarauni Takao. Naogopa nikiandika mali watasema mtoto ana mama tajiri, wamnyime. Nifanye nini?

Mama wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam dada yangu. Mwambie mwanao afute machozi, na kaka yako aweke kalamu chini kabla hajaandika lolote.

Kwa fomu hiyo mwanao ni tegemezi, na mzazi anayetakiwa kujaza, kwa jinsi ulivyonieleza, ni wewe, hapo hapo ulipo. Kaka amefanya jambo kubwa na Mungu atamlipa, lakini sheria ya misaada ya serikali kuu ya Marekani haiulizi nani anaishi karibu na mtoto wala nani anamnunulia mkate. Inauliza nani amemzaa au amemuasili kisheria. Mjomba, ami, shangazi, babu, bibi, kaka mkubwa, wote hao hawamo, hata kama wamemlea tokea yuko kwenye nepi, mpaka wawe wamemuasili mahakamani. Kumuweka mtoto kwenye kodi ya mjomba nako hakubadilishi kitu. Mambo ya kodi yana kanuni zake, na msaada wa masomo una zake.

Pale dirishani Maryland hili ndilo lililokuwa likiniletea vijana wengi kuliko jengine lolote: watoto wa Kiswahili, wa Kisomali, wa Kihabeshi, wa Afrika Magharibi. "Wazazi wangu hawako nchi hii, kwa hiyo najitegemea." Kijana anafanya kazi ghalani usiku, analipa chumba, tena anatuma pesa kwao, ukimwambia kisheria yeye ni tegemezi anaona unamtukana. Nilikuwa nawaelewa. Lakini hata sheria yenyewe imelitaja jambo hili waziwazi: mwanafunzi kujilipia kila kitu si sababu ya kumfanya anayejitegemea. Wazazi kukataa kuchangia si sababu. Wazazi kukataa kujaza fomu si sababu. Na kuishi nje ya Marekani, kwa hilo peke yake, si sababu.

Anayejitegemea ni nani basi? Kwa mwaka wa masomo 2026–27 ni aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2003. Wako ni wa 2007, huko hayumo. Au ameoa. Au anasomea shahada ya juu baada ya ile ya kwanza. Au yumo kazini kwenye jeshi la Marekani, au ameshawahi kulitumikia. Au ana mtoto wake anayemtunza kwa zaidi ya nusu ya mahitaji. Au, tokea alipotimiza miaka 13, amewahi kuwa yatima wa wazazi wote wawili, au kulelewa chini ya serikali, au kuwa chini ya amri ya mahakama. Au hana makaazi na yuko peke yake. Au mahakama ilimtangaza kuwa huru na wazazi kabla hajawa mtu mzima. Na kuna mlango mmoja wa mwisho, ambao ndio ninaotaka uukodolee macho, kwa sababu huenda mwanao amepita hapo na hakuna aliyemwambia.

Nao ni uwalii wa kisheria uliotolewa na mahakama ya jimbo analoishi mwanafunzi.

Nakuuliza: mwanao alipofika Columbus akiwa na miaka kumi na nne, kaka yako alimuandikisha vipi skuli? Skuli za serikali za Ohio hufuata makaazi ya mzazi, au ya mtu mwenye mamlaka ya kisheria juu ya mtoto. Mjomba hamshiki mkono mtoto wa dada yake akapokelewa bure bila ya karatasi. Kwa hiyo naamini kuna karatasi, imo kwenye droo ya kaka yako, na yeye ameshaisahau. Aitafute leo.

Akiipata, aangalie imetoka mahakama gani na inasema nini. Wewe ni Mpemba, mahakama ya kadhi si ngeni kwako, na unajua kuwa hadhana ni kitu kimoja na uwalii ni kitu chengine: mtoto anaweza kukaa kwa mama na walii wake akawa mtu mwengine. Kule nako wametenganisha. Kwa kawaida Ohio mahakama ya watoto hutoa haki ya kukaa na mtoto, na karatasi yake huandikwa custody. Mahakama ya mirathi ndiyo inayoteua walii wa mtoto, na karatasi yake huandikwa guardianship. Kwenye FAFSA, hiyo ya kwanza haimtoi mtoto kwenye utegemezi. Hii ya pili inamtoa, ikiwa ilikuwa bado inafanya kazi mpaka alipotimiza miaka 18. Kama kaka anayo hii ya pili, mwanao ajibu "ndiyo" kwenye swali hilo, aweke nakala tayari kwa sababu chuo kinaweza kuitaka, na wewe na mikarafuu yako mnatoka kwenye fomu kabisa.

Karatasi uliyosaini wewe kwa sheha, au kwa wakili Chake Chake, ya kumkabidhi kaka mtoto, haihesabiki hapa. Wala hukumu ya kadhi wetu haihesabiki kwa swali hili. Lazima iwe mahakama ya kule anakoishi.

Tuseme karatasi haipo, au ni ile ya kwanza. Basi tunarudi kwako.

Umeachana na baba yake, kwa hiyo fomu haiwataki nyote wawili. Zamani ilikuwa mzazi ni yule aliyekaa na mtoto zaidi. Tokea mwaka wa masomo 2024–25 wamebadilisha: ni yule aliyemsaidia mtoto kwa pesa zaidi katika miezi 12 iliyotangulia siku ya kujaza. Anayeshindanishwa nawe hapo ni baba peke yake; kaka hahesabiwi, hata kama alitoa mara kumi yenu. Umeniambia baba anatuma Sikukuu kwa Sikukuu. Hukuniambia wewe unatuma nini. Chukua daftari uandike: nauli, nguo, simu ulizomnunulia, pesa ulizopeleka kwa watu waliosafiri. Kama umempita baba, hata kwa kidogo, mzazi ni wewe. Mkiwa sawa sawa, au nyote hamkutoa, mzazi anakuwa yule mwenye kipato na mali kubwa zaidi, na hapo naona macho yanaelekea Muscat.

Ikiwa ni Muscat, mume wako wa zamani atajaza yeye na mke wake wa sasa, kila mmoja kwa upande wake. Na asije akatafuta ritani ya kodi (fomu ya kipato inayopelekwa kwa watoza kodi) asiyonayo. Oman haijaanza kutoza kodi kwenye mishahara ya watu. Sheria waliyoipitisha 2025 itaanza Januari 2028, nayo ni kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka. Fomu ina jibu la mtu aliyepata kipato nchi ya nje na hakupeleka ritani, achague hilo. Riali moja ni kama dola 2.60, haichezi.

Mimi nadhani ni wewe. Tuendelee hivyo.

Kutokuwa na namba ya Marekani si kizuizi. Mwanao atakapokutaja kama mzazi, mwaliko utakuja kwenye barua pepe yako. Nasema yako: si ya mwanao, si ya kaka, si ya binti wa jirani anayekusaidia dukani. Utafungua akaunti kwenye StudentAid.gov, utaweka alama kwenye kisanduku kinachosema huna namba hiyo, na anuani utaandika ya Wete. Kaka asikufungulie yeye akajifanya wewe, hata kama ni kwa kukurahisishia. Akaunti hiyo ndiyo saini yako. Fanya kwa simu mkiwa mmepigiana, yeye anakuelekeza na wewe unabonyeza.

Majina yanawasumbua sana watu wetu. Kwenye kitambulisho cha Mzanzibari una majina matatu, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto waliandika mawili, kwenye pasi huenda wameyaunganisha. Chagua waraka mmoja, bora pasi kama unayo, na uandike hivyo hivyo kila pahali, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Nimeona fomu zikikwama wiki kwa sababu ya "Bint" iliyoandikwa pahala pamoja, pengine ikaachwa.

Ndani ya fomu utaombwa kukubali serikali ya Marekani itafute taarifa zako za kodi. Utajiuliza watatafuta nini wakati hujawahi kulipa kodi kule. Kubali tu. Mzazi asipokubali, hata yule asiyekuwa na namba wala kodi, mtoto hapati ruzuku wala mkopo wa serikali kuu. Sehemu hii wengi huiruka kwa khofu, kisha hulaumu chuo.

Mtandao ukikushinda kabisa, fomu ya karatasi ipo. Inachapishwa, unasaini kwa mkono, inapelekwa kwa posta. Inachelewa, lakini inapokelewa.

Kipato wanachotaka kwa mwaka wa masomo 2026–27 ni cha mwaka 2024, si cha mwaka huu. Kama ulipeleka ritani TRA kwa mwaka huo, chagua jibu la aliyepeleka ritani nchi ya nje na utoe tarakimu humo. Kama hukupeleka, chagua la aliyepata kipato nje bila ya kupeleka. Shilingi unazigeuza dola kwa kiwango cha siku ile unayojaza. Mfano tu: shilingi 10,000,000 kwa kiwango cha 2,500 ni dola 4,000. Usiandike kwa kukisia. Karafuu tunauza ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na unapewa risiti; kusanya za msimu wote ule, na za vitambaa andika ulichobakiwa nacho baada ya kutoa gharama. Chuo kikikuchagua kwa ukaguzi kitataka uthibitisho, na karatasi ya Kiswahili italazimu itafsiriwe. Mtu mwenye risiti zake hapati tabu hapo.

Sasa khofu yako ya mali. Nakuelewa, lakini nataka uifikirie kwa upande mwengine, kwa sababu kaka yako na rafiki yake wanadhani kuwa tegemezi ni hasara. Hasara kwa nani? Kwa mtoto wa daktari wa Boston, ndiyo, kipato cha wazazi humfungia mlango. Kwa mtoto ambaye mzazi wake ni mama peke yake, Wete, kipato hicho ndicho kinachomfungulia. Ruzuku kubwa ya serikali kuu inaitwa Pell, hairudishwi, na kiwango chake cha juu kimekuwa dola 7,395 kwa mwaka tokea mwaka wa masomo 2023–24. Mwanafunzi tegemezi wa mzazi mmoja hupata kiwango hicho kizima ikiwa kipato cha mzazi hakizidi asilimia 225 ya mstari wa umaskini wa Marekani. Kwa nyumba ya watu watatu, wewe na wanao wawili, hiyo inapita dola 50,000. Na huyo wa Columbus anahesabika kuwa wa nyumba yako ingawa halali hapo. Wewe unapata dola 50,000 kwa mwaka? Kama unazipata, niandikie tena, unifundishe biashara ya vitambaa.

Kwa hiyo kusema uongo ili asionekane tegemezi ni kubeba hatari bila ya faida. Fomu yenyewe inaonya: anayetoa habari za uongo makusudi anaweza kutozwa faini mpaka dola 20,000, au kifungo, au vyote viwili.

Mali yenyewe, kwa ufupi. Mzazi anayeishi nje ajitayarishe kuulizwa, kwa hiyo jua la kuandika. Nyumba unayokaa haihesabiwi. Duka lako la vitambaa, kuanzia mwaka huu wa 2026–27, halihesabiwi, kwa sababu sheria ya Julai 2025 imerudisha msamaha kwa biashara ya familia yenye waajiriwa wasiozidi 100. Sheria hiyo hiyo imesamehe uvuvi wa biashara wa familia, mashua na vyombo vyake, na hili nawaambia wasomaji wangu wa Micheweni na Mkoani wenye watoto kule, kwani wanaojua ni wachache. Shamba nalo limesamehewa, lakini ni shamba ambalo familia inaishi juu yake. Wewe unakaa Wete mjini na mikarafuu iko Mzambarauni Takao, kwa hiyo usilifiche. Andika thamani ya fungu lako tu, lile lililokuangukia kwenye mirathi. Mafungu ya ndugu zako si yako. Kama hamjagawana, hesabu hisa yako kwa mujibu wa mirathi. Pesa ulizonazo benki siku unayojaza nazo huandikwa. Na mtoto anapopata Pell kamili kwa njia ya kipato niliyoitaja, thamani ya mikarafuu haimpunguzii ruzuku hiyo.

Pell haitoshi, lazima niseme. Chuo kikuu cha jimbo, ukijumlisha ada, chumba na chakula, kinapita hapo mbali. Ipo misaada ya jimbo na ya chuo chenyewe, na mingi yao huangalia fomu hii hii. Upo utaratibu wa kazi za chuoni kwa wanafunzi wenye uhitaji. Kisha mikopo: tegemezi wa mwaka wa kwanza anaweza kukopa serikali kuu mpaka dola 5,500, na kati ya hizo zisizozidi 3,500 ni za aina ambayo serikali inabeba riba wakati kijana anasoma. Mkopo wa wazazi wewe huwezi kuuchukua, kwa sababu unamtaka mzazi awe raia wa kule au mkaazi wa kudumu. Hapo mwanao aende ofisi ya misaada aulize kama wanaweza kumuongezea mkopo wake mwenyewe kwa sababu hiyo. Mwaka wa kwanza nyongeza ni mpaka dola 4,000. Hawampi asiyeuliza.

Kuhusu riba, ulipeleke kwa sheikh wako. Mimi nakupa tarakimu, yeye atakupa hukumu. Nimewaona vijana wa Kiislamu waliochukua ruzuku na kazi za chuoni peke yake, wakaanza kwanza kwenye chuo cha jamii ambako ada ni ndogo, wakahamia chuo kikuu mwaka wa tatu bila ya mkopo hata mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ni njia nzuri kuliko watu wetu wanavyoiona. Wazazi wanapenda jina la chuo kikubwa. Bili wanapelekewa watoto.

Kaka yako pia ataambiwa na mtu kuwa kuna njia ya "ofisi ya chuo kumbadilishia". Ipo kweli. Ofisi ya misaada ina mamlaka ya kumfanya tegemezi awe anayejitegemea kwa sababu maalumu: aliyetelekezwa au kukatikiwa na wazazi kabisa, aliyepewa ukimbizi, aliyeuzwa na wasafirishaji wa watu, ambaye mzazi wake au yeye mwenyewe amefungwa jela. Siku hizi fomu ina swali la hilo, na mwanafunzi hupewa hali hiyo kwa muda mpaka chuo kiamue kwa ushahidi. Ni kwa watoto ambao mzazi hapatikani, au kumtafuta ni hatari. Wako anakupigia simu usiku analia. Huyo ana mama.

Mambo mawili ya kumalizia. Kama kuna chuo cha watu binafsi alichoomba, huenda kikataka fomu nyengine inaitwa CSS Profile, na hiyo baadhi ya vyuo huitumia kumuuliza hata baba wa Muscat. Kwa chuo cha jimbo sidhani kama itamfika, lakini aangalie orodha ya chuo chake. La pili, kutozwa ada ya mkaazi wa jimbo au ya mgeni ni uamuzi mwengine kabisa, hautokani na FAFSA, na tofauti ya bei ni kubwa. Huko nako wataangalia mzazi au walii anaishi wapi. Ile karatasi ya mahakama niliyokwambia itafutwe, inaweza kuwa na kazi hapo pia. Aandikie ofisi ya usajili sasa, asingoje bili.

Muda upo. Serikali kuu inapokea fomu ya 2026–27 mpaka tarehe 30 Juni 2027, lakini vyuo na majimbo vina tarehe zao za mapema, na pesa zao hugaiwa kwa aliyetangulia. Ukiweza jaza wiki hii.

SWALI

Maalim, mimi ni kijana wa Fuoni. Wazazi wangu wote wako Dubai tokea 2018, mimi nakaa kwa bibi. Naomba mkopo wa elimu ya juu HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania. Rafiki ameniambia nijaze kuwa ni yatima kwa vile wazazi hawapo, napata alama zaidi. Ni sawa?

Kijana wa Fuoni

JIBU

Si sawa, na wala haitapita. Yatima kwa bodi ni mwenye cheti cha kifo cha mzazi, na cheti hicho kinahakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa vyeti vya hapa Zanzibar. Hao wako wanakula urojo wao Dubai, utakipata wapi?

Jaza wazazi kama walivyo, na kazi zao za kweli. Cheti chako cha kuzaliwa kipeleke kikahakikiwe mapema, kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, maana likifunguliwa foleni inakuwa ya watu wote. Bibi anaweza kuwa msaada mkubwa kwa kwenda nawe kwa sheha kugonga muhuri, kwa sababu sheha anamjua yeye kuliko anavyokujua wewe. Na wazazi waambie wakutumie nakala za vitambulisho vyao sasa hivi, zinazosomeka, si picha ya simu iliyopigwa usiku.